Tasbihi ya Kupimia Moshi

Enzi zetu pale Garissa, maziwa yalikuwa na jina la mtu. Hukutumwa sokoni ukaambiwa tu, "Leta maziwa." Uliambiwa, "Leta ya Mama Habiba," na ukirudi na ya mwingine, baba mwenye nyumba angeonja, akakutazama, nawe ukageuka kurudi sokoni bila kuambiwa neno. Habiba ni mimi. Mama huyo alikuwa hooyo wangu, na maziwa yake ya ngamia yalijulikana kwa moshi.

Kwa nyinyi mliosahau, na kwa watoto wenu wanaodhani maziwa hayawezi kukaa bila friji, ngoja nieleze polepole. Hooyo alikuwa na dhiil, chombo kirefu alichokisuka mwenyewe kwa mizizi laini, akakipamba kwa mchoro alioubuni na ambao wenzake walijaribu kuuiga wakashindwa. Kila asubuhi baada ya swala alitia vijinga vya moto ndani yake, akafunika, akatikisa, akauacha moshi ukae. Moshi ukiwa mchache, maziwa yanaharibika kabla ya adhuhuri. Ukizidi, yanakuwa machungu kama masizi. Saa hatukuwa nayo. Hooyo alipima kwa tasbihi: mzunguko mmoja, punje tisini na tisa, kisha anamwaga makaa. Uzi wa tasbihi hiyo uliwahi kukatika, punje tano zikapotelea mchangani. Akatoboa kokwa tano za tende kwa msumari wa moto, akazitunga pamoja na punje zilizobaki. Ndivyo alivyokuwa. Kitu hakikutupwa kwa sababu tu kimeharibika.

Siku moja, nikiwa darasa la tano, aliamka na homa akaniachia kazi hiyo. Nje, wenzangu walikuwa wamekwisha kugawana timu za kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mpira wetu wa matambara ulikuwa mpya. Niliketi, nikahesabu mbio mbio, moja hadi tisini na tisa kwa pumzi mbili tatu, nikamwaga makaa, nikatoka.

Furaha yangu iliishia darasani. Mwalimu Kilonzo, mtu wa Kitui, alikuwa akinunua maziwa kwa hooyo kila mchana kwa ajili ya binti yake mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua malaria. Katikati ya hesabu alinitazama akasema, "Habiba, mwambie mama asante. Mtoto sasa anacheza." Nilimwona mtoto yule akinywa, nikamwona akitapika. Nilitaka kunyoosha mkono niseme, mkono ukakataa. Kengele ya mchana ilipolia nilikimbia hadi sokoni, ndara moja nikaiacha njiani.

Nilimkuta hooyo ameketi na homa yake, dhiil imepinduliwa kando, tupu. Maziwa ya siku ile alikuwa amempa muuza chai ayachemshe palepale. Mwalimu akatokea nyuma yangu.

"Mwalimu, bole," hooyo alisema kwa Kiswahili chake, ambacho p iligeuka b. "Leo maziwa yangu hakuna. Chombo haikubata moshi."

"Kwani nani alifukiza, Mama Habiba?"

"Ni mimi. Wewe chukua ya Halima, iko mzuri."

Halima, jirani yake wa sokoni, aliangua kicheko. "Mwalimu, andika hiyo ubaoni! Miaka yote hii, leo ndio amesema yangu iko mzuri!"

Mwalimu alipoondoka, hooyo aliniambia kwa Kisomali, bila kupandisha sauti: "Nilipofungua tu, nilijua. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe." Kisha akaongeza, "Ulihesabu, lakini hukusimama."

Nikafahamu kwamba kosa langu lilikuwa kufanya kazi nimeketi. Hakuniachia tena kazi hiyo. Nami nilimaliza shule, nikaingia ofisini, friji ikaja.

Sasa hooyo ametangulia mbele ya haki. Habaryar, mdogo wake aliyeko Ijara, ni mgonjwa na hali chakula. Kitu anachoulizia ni kimoja tu: maziwa yenye moshi wa dada yake. Gari la kwenda kwake linaondoka kesho asubuhi. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Ya kwanza yalichacha, ya pili yakawa machungu hata paka alikataa. Na habaryar ndiye mtu wa mwisho ambaye ulimi wake unaukumbuka moshi ule. Akiondoka, hata nikipatia sitajua.

Leo alasiri nilijaribu tena, tasbihi ya hooyo mkononi. Binti yangu Ifrah, ambaye bila simu hawezi hata kuchemsha yai, alikuwa mlangoni.

"Mum, si useti tu taima kwa simu? Na mbona umesimama hivyo kama askari wa gwaride?"

"Ayeeyo wako alisema nisimame."

"Alisema uinuke, ama utulie?"

Kidole changu kilikuwa kimefika kwenye kokwa ya kwanza. Kikabaki hapo. Nilimwona hooyo tena, kidole kimetulia juu ya kokwa, midomo ikiendelea. Kokwa tano. Na sisi tulizaliwa watano.

Siku hizi maziwa huja kwa pakiti, na pakiti imepigwa chapa siku yatakayoharibika. Ni jambo zuri, silikatai. Lakini yetu yalisubiri kwanza tuombewe, mmoja mmoja, huku makaa yakiwaka.

Nikaketi. Kwenye kokwa ya kwanza nikamwombea kaka yangu aliyeko Kutulo. Kwenye ya pili, dada Sahra. Moshi ulikuwa ukivuja kidogo pembeni mwa kifuniko, nami sikujua kama unatosha au umezidi.

"Mum, bado?"

"Bado," nikamwambia. "Ndiyo kwanza nimefika kwenye kokwa yangu."