Betri Juu ya Bati

Mimi ni mwoga, na ninachokiogopa kinaenea kiganjani. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimechagua kicheko. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, ubatizo na misiba hapa Kolwezi. Watu wakiniuliza kinachonitisha katika kazi hii, hutarajia niseme mvua, au wezi, au walevi wanaokanyaga nyaya. Ni betri ya kamera. Zamani niliogopa isije ikazimika. Siku hizi naogopa isije ikawaka moto.

Katika harusi za kwetu kuna dakika moja ambayo haina ya pili. Shangazi wanamtoa bibi harusi ndani, amefunikwa kitenge gubigubi, wanamzungusha mbele ya wakwe, wanawatania, wanamrudisha nyuma, wanamleta tena, halafu ghafla wanamfunua. Uso ule wa kwanza ndio familia inaoutaka ukutani. Hakuna shangazi atakayekubali kumfunika tena eti kwa sababu betri ya mpiga picha imekwisha. Mara ngapi nimesimama pale, alama ndogo nyekundu ikipepesa kwenye kioo, jasho likinitiririka mgongoni huku nikiwachekea wakwe!

Hofu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuchagua. Sokoni Manika betri zimepangwa pamoja na vifuniko vya simu na saa za mkononi, na kwa wauzaji hakuna betri mbaya duniani.

“Hii iko orijinali, mama,” muuzaji mmoja aliniambia.

“Na ile ya pembeni?”

“Ile nayo iko orijinali, lakini ya bei ya chini.”

Nilicheka, ila sikununua. Betri naipima kwanza mkononi: ya bandia huwa nyepesi, kana kwamba wamesahau kutia kitu ndani. Nasoma maandishi yake, maana anayeghushi hukosea herufi. Napitisha ukucha kwenye maungio. Mwisho naiweka juu ya meza iliyonyooka na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo lake limeanza kuvimba na sina haja nayo. Nikifika nyumbani nazo, nazilea. Siziachi ziishe kabisa ndipo nizichaji. Nazima kioo cha kamera na kuchungulia kwenye tundu kwa jicho moja, kama mafundi wa zamani. Asubuhi za Juni, baridi ya kiangazi cha huku inapong'ata, nazitia kifuani, ndani ya sidiria, kwa sababu betri ikipoa hukata tamaa mapema. Joto nalikwepa zaidi ya baridi: siziachi juani, wala siziweki karibu na mbabula, jiko letu la makaa.

Tena kuna linaloniudhi. Malori yanapita usiku na mchana yamebeba kobalti, madini ya betri, iliyochimbwa chini ya miguu yetu, vumbi lake tunalifagia sebuleni, halafu betri inaturudia kutoka ng'ambo ikiwa ghali, au ikiwa ya uongo. Lakini hayo nimeyazoea.

Mama yangu hakujua lolote kati ya haya, na angejulia wapi? Alikuja kutoka Musumba, kule Kapanga, nilipojifungua binti yangu, mtoto tuliyemsubiri hadi majirani wakachoka kuniuliza. Barabara ya huko haina huruma. Mama alifika amejaa vumbi hadi kwenye kope, akanawa mikono, akasema nimpe mtoto. Tangu siku hiyo mtoto aliishi mgongoni mwake. Alipika naye, alifua naye, alikwenda naye kanisani, na mimi nikaweza kurudi kazini.

Mama ni mtu wa mawe ya redio, zile betri za mviringo. Nilipokuwa mdogo, jioni hatukukosa matangazo ya vifo, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyojua nani wa ukoo amefariki mbali. Mawe yalipochoka na sauti ikaanza kuzama, hakuna aliyekimbilia dukani. Mama aliyaanika juu ya bati tangu asubuhi. Yakikaidi, aliyang'ata kwa meno au kuyagonga kidogo kwa jiwe, na redio ikasema tena. Kila nyumba ilifanya hivyo. Ulikuwa ujuzi wa kweli, na vifo vingi tulivisikia kwa sababu yake.

Mwezi wa Oktoba, joto likiwa limekaza kabla ya mvua, umeme ulikatika mtaani kwetu na haukurudi. Jumamosi nilikuwa na harusi Fungurume. Betri zangu tatu zilikuwa na nusu tu ya nguvu, na mbili kati yake zilikuwa zimezeeka. Nilizitazama pale mezani nikalalamika kwa sauti, kama ilivyo kawaida yangu.

“Mabatri yangu yote imechoka, mama. Haitafika ku mariaje.”

“Itapata nguvu tu,” alinijibu, akimtikisa mtoto mgongoni. “We enda.”

Nilidhani ananibembeleza. Nikaziacha mezani, nikaenda sokoni kutafuta kibanda chenye jenereta inayofanya kazi kweli. Sikutaka kuzibeba huku na huku katika jua lile. Vibanda vyote havikuwa na mafuta, au mwenyewe hayupo, au foleni ilikuwa imefika barabarani.

Niliporudi nilisikia kitu kinagongwa uani. Ko, ko, ko. Nilidhani mama anavunja karanga. Nikazunguka nyumba, moyoni bado nikiwatukana watu wa jenereta, na hapo nikamwona.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, karibu na mbabula iliyokuwa na sufuria ya maharagwe. Mtoto amelala mgongoni mwake, shavu limebanwa kwenye kitenge, mdomo wazi. Mbele ya magoti ya mama kulikuwa na jiwe la kusagia, na juu ya jiwe hilo ilikuwepo betri yangu, imevimba kama andazi. Mkononi alishika jiwe dogo. Paa la kibanda chetu cha kupikia ni fupi, mama hulifikia kwa mkono, na pale juu niliziona zile nyingine mbili zimelala kwenye bati la moto.

“Eh, umerudia,” alisema kwa furaha. “Nilibiweka pa juwa, njo bimevimba. Sasa niko nabigonga, bipate kuingia mu mashini.”

Niliwahi kumwona sokoni fundi wa simu akichokoa betri iliyovimba kwa kisu. Meza yake iliungua, turubai lake likaungua, kabla yeye mwenyewe hajasimama vizuri. Betri ile ilikuwa ndogo kuliko yangu. Na hapa kulikuwa na makaa, na sufuria inayochemka, na mtoto wangu. Nilitaka kusema aiweke chini polepole. Kilichotoka kinywani ni ukelele.

“Mama, wacha!”

Aliinua uso kunitazama juu ya bega, lakini mkono ulikuwa umekwisha kushuka.

Kwanza ilifoka, kwa sauti ya mafuta ya moto yanapoingiwa na maji. Ukatoka moshi mweupe wenye harufu tamu ya kuchefua, na nyuma ya moshi ukaja moto mwembamba, mkali, unaoruka huku na huku kana kwamba unamtafuta mtu.

“Geuka!” nililia. “Geuka, mama! Kimbia!”

Hakugeuka. Alisimama, macho yake kwenye moto, akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama anayemzuia mbwa. Moto ulimrukia mkononi. Ulimlamba nyusi. Nilipiga kelele ageuke hadi sauti ikakatika, naye akaendelea kurudi nyuma taratibu, kama watu wa kwao Musumba wanavyoondoka mbele ya chifu bila kumpa kisogo. Nilimchukia kwa ukaidi ule. Nilikuwa nimeshika ukuta nikiomba, Mungu, mtoto, Mungu, mtoto, na sala yote ilikuwa hiyo.

Alirudi nyuma hadi akanigonga. Nilimfungua kitenge, nikamchukua mtoto, nikamvua nguo palepale. Vidole, masikio, nywele, nyayo. Hakuwa na hata alama. Alilia kwa sababu tumemwamsha, basi.

Ile betri ilijimalizia yenyewe juu ya jiwe la kusagia. Zilibaki mbili za juu ya bati. Mama alinyoosha mikono ampokee mtoto, ili mimi nishughulike nazo. Nilimpita. Nilikwenda hadi kwenye uzio, nikamkabidhi mtoto jirani yetu, mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja mbio kwa kelele zangu, nikamwomba asimame naye barabarani. Mama akaiteremsha mikono yake. Wa kulia ulikuwa umeanza kutoa malengelenge.

Kuzishusha zile mbili kuliniogopesha kuliko moto wenyewe, kwa sababu sasa nilijua. Nilitia mchanga katika sufuria kuukuu, nikapanda juu ya kigoda nizione vizuri, nikazishika moja moja kwa koleo la makaa. Zilikuwa laini. Nilihisi kupitia chuma jinsi zinavyobonyea. Nilizifukia mchangani, nikaibeba sufuria hadi kiwanja kitupu, uso nimeuelekeza pembeni, pumzi nimeibana, kana kwamba pumzi ingezichokoza. Nikachimba shimo refu nikazizika, kisha nikakaa pale kuchunga, asije mtu wa kupekua taka akazifukua.

Zahanati walimfunga mama bandeji. Nyumbani hatukugombana, na ingekuwa afadhali tungegombana. Nilimfunga mtoto mgongoni mwangu, nikapika naye, nikafua naye. Mtu akigonga msumari mtaani, nilishtuka na kumshika miguu mtoto kuona kama ipo. Mama aliketi kwenye kigoda chake, hana cha kubeba, akipigapiga goti kwa mkono mzima, kwa mdundo uleule anaomlazia mtoto. Siku moja akaniuliza kama kuna lori la kwenda Kapanga. Nikasema nitauliza. Nilimwogopa mama yangu mzazi, na yeye alijua.

Jumamosi asubuhi dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, alikuwa anapiga honi langoni, anipeleke kwenye magari ya Fungurume. Nilikuwa nimeazima betri mbili kwa mwenzangu wa kazi. Nilikuwa nimezipima mkononi, nimezizungusha mezani, nimefunga kila moja katika kitambaa chake. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu. Nilikuwa naenda naye harusini, kwenye jua na kelele na barabara ya malori, kwa sababu niliona huko kuna usalama kuliko kumwacha na bibi yake. Mama alinikaribia na kuninyooshea kitenge, kilichokuwa kimelegea upande mmoja. Mguso ule tu ulinipandisha hasira yote niliyoimeza.

“Mama, mi nilikulilia ugeuke. Nililia mara mingi. Juu ya nini haukugeuka?”

Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali. Nyusi zake zilikuwa bado hazijaota.

“Nigeuke namna gani?” alisema. “Mutoto alikuwa ku mugongo.”

Honi ililia tena. Nilisimama pale na mkoba wangu begani, na nikauona upya uwanja wetu wa siku ile: moto upande ule, mtoto upande huu, na mama katikati, amekataa kuwabadilisha nafasi. Mimi niliyekuwa nikipiga kelele ningemfanya amwelekeze mtoto wangu kwenye moto. Nililia kwa sauti, dereva akaacha honi.

“Enda, mama,” mama aliniambia. “Banakungojea.”

Nilifungua kitenge. Akainama, nikamlaza mtoto mgongoni mwake, nikakipitisha kitenge chini ya makwapa yake na kukikaza, maana mkono wake haukuweza kufunga fundo. Naogopa hata leo, lakini fundo lile nililifunga mara mbili, nikatoka.