Ukurasa Niliodhani ni Wangu

Mkitaka kucheka, chekeni. Ofisi yetu ya maziwa hapa Ruiri ilikuwa inachagua programu ya kuandikia kumbukumbu pamoja, badala ya kile kitabu cheusi cha zamu tulichotumia zamani. Mimi, mjuaji, nikajitolea kuijaribu.

Mkutanoni nikafungua ukurasa kwenye simu, nikaandika: "Nakikumbuka sana kitabu chetu. Kilinukia maziwa, na Kendi alikuwa akinichorea kikombe cha chai pembeni."

Kendi siku hizi ndiye meneja wetu.

Ghafla wote wakageuka kutazama ukutani. Nikainua macho. Ukurasa ulikuwa wa wote, na maneno yangu yalikuwa hapo ukutani, yakimulikwa na projekta, makubwa kama bango. Chini yake, polepole, Kendi alikuwa anaandika: "Kitabu ninacho nyumbani, Mutuma. Sasa tuendelee na mkutano."