Kunde za Kiangazi

Juzi, nikiwa Same mjini kwa wifi yangu, nilimwona akichovya majani ya kunde kwenye maji yanayochemka na kuyatoa upesi, ukijani wake ukiwa umekolea. Harufu ya ule mvuke ilinirudisha Bombo, jikoni kwa mama.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, huko chini tambarare. Kila likizo yake ilipokaribia kwisha, mama alichovya kunde hivyo hivyo, akazianika kivulini, akamfungia kwenye mfuko wa safari. Akilini mwangu, kunde kavu zilikuwa chakula cha mtu anayeondoka.

Alasiri ile baba alikuwa ameshaondoka, na mama alikuwa akichovya kunde tena, nyingi kuliko za baba. Leo najua upesi ule huzuia majani yasiive yakapondeka. Siku ile niliona haraka ya mtu anayewahi basi. Nilikaa kwenye kigoda nikiitazama miguu yake, nikishangaa kwamba bado hajavaa viatu.

"Mama, unaondoka lini?"

Aligeuka, mwiko ukimdondoshea maji miguuni. "Niende wapi, mwanangu?"

"Si unakausha kunde?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Hizi ni za kiangazi, shambani kutakapokuwa hakuna mboga. Tutazila hapa hapa, mimi na wewe."

Kiangazi kilipofika nilizitafuna polepole sana, nikimtazama alivyoketi mbele yangu, pekupeku. Mama alidhani sizipendi.