Wamemwita binti yangu mwizi wa sukari, na shule haachi ng'o!

Amahoro wakuu.

Leo nimekuja na hasira, nisiwafiche. Haya ni ya nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi hata kidogo, na mkikuta Kiswahili chetu cha Rumonge humu ndani mtanivumilia.

Mimi ni fundi wa mashini za boti hapa mwaloni, ziwani. Mke wangu anauza mawese sokoni. Mtoto wetu wa kwanza ni Salha, ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na ana ugonjwa wa sukari.

Wiki iliyopita direkta wa shule alitaka kumrudisha nyumbani moja kwa moja. Eti sukari imeshamla akili.

Ngoja nianze mwanzo.

Salha alianza kuumwa akiwa na miaka mitatu. Maji anakunywa haishi kiu, mkojo hauishi, nguo zinampwaya. Tukaambiwa ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo.

Siku moja akaanza kuhema vibaya, macho yamelegea. Tukampakia kwenye gari la samaki, la ndagala, mpaka Bujumbura. Wakuu, tulipita Gitaza nalia kama mtoto mbele ya wanaume wenzangu, na wala sioni haya kusema.

Daktari akamwokoa. Akatueleza kwamba mwili wa Salha hautengenezi insulini, kwa hiyo ni sindano kila siku, maisha yake yote.

(Nyie mnaojiandaa kuandika "mlimzidishia bomboni", komeni. Sukari ya namna hii haitokani na pipi.)

Akatuambia na jingine. Ubongo wa mtoto mdogo bado unajengwa, na chakula chake ni sukari. Ikikaa juu muda mrefu, au ikishuka sana mara kwa mara, inaweza kugusa kumbukumbu na umakini wake. Sio kila mtoto, na sio kwamba ndio basi. Akasema mchungeni, mpelekeni shule, mpeni muda.

Sasa huku kwetu mtoto anakula popote njaa inapomkutia. Akicheza kwa Mama Shabani, anakunywa chai ya Mama Shabani. Hakuna anayeuliza ni wa nani.

Mama yangu, yaani bibi yake Salha, kusikia neno "sukari" tu akajifunga kanga, akapita nyumba kwa nyumba mtaa mzima. "Salha asipewe kitu kitamu, hata akigaragara chini." Akaenda mpaka kwa yule mama anayeuza chai kwenye geti la shule.

Na watu wakashika! Kwa upendo kabisa.

Baadaye hospitali wakatufundisha upande wa pili: sukari ikimshuka, akianza kutetemeka na kutoka jasho, apewe kitu kitamu hapohapo, la sivyo anaweza kuzimia. Tukarudi kuwaambia watu. Thubutu! Mama Shabani akaniangalia juu mpaka chini: "Baba Salha, unataka kutuulia mutoto?"

Neno la bibi lilikuwa limeshakaa.

Shuleni tulimwekea bomboni kwenye mfuko wake, tukamweleza mwalimu. Siku moja wiki iliyopita mwalimu wake alikuwa hayupo, akaingia mwingine. Huyo akaziona, akazichukua. Nia yake nzuri, alishasikia habari za bibi.

Kufika mapumziko, Salha anatetemeka. Akamwomba mwalimu bomboni zake, akakataliwa. Akaenda getini kwa mama wa chai, akaomba sukari kidogo. "Hapana mwanangu, bibi yako alinikataza."

Basi binti yangu akaingiza mkono kwenye kopo la sukari, akajaza mdomo. Akarudisha tena mkono.

Kelele! Mwizi! Mwizi!

Nikaitwa. Nilifika mikono imejaa grisi, nikamkuta amekaa ofisini kwa direkta, sukari imeganda shavuni.

Direkta alinipokea kwa sauti ya taratibu, ile ya msibani. "Baba Salha, mutoto iko nyuma. Herufi anasahau, hesabu inamushinda. Na leo ameiba. Ugonjwa umeshakula akili. Afazali akae nyumbani, apumuzike."

 Nilimgeukia Salha, nikamuuliza kwa nini amechukua sukari ya watu.

"Baba, mulisema nikitetemeka nikule kitu kitamu. Niliomba. Walinikatalia."

Basi. Hakulia wala nini.

Nikamwambia direkta: "Huenda ugonjwa umemgusa kweli. Daktari alituambia inaweza kutokea, sibishi. Herufi anasahau, ndiyo. Kwani shule ni ya wanaokumbuka tu? Huyu sukari imemuishia kichwani, na bado amekumbuka la kufanya. Jumatatu anakuja. Na mimi nakuja naye."

Akasema tutaona. Nikasema ndiyo, tutaona.

Jumatatu tukaenda wote, na bomboni mfukoni. Siku hiyohiyo mama yangu akajifunga tena kanga, akapita nyumba zilezile, safari hii na sukari kwenye vifuko. Kila nyumba akaacha kimoja: "Hii ni ya Salha. Akitetemeka, mpe. Usiniulize." Mama wa chai alilia, maskini.

Kwa hiyo somo langu wakuu: mkiona mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana na anakonda, msikae kwenye minyoo, mpimeni sukari. Na kama yuko kwenye insulini, mtaa mzima ujue pande zote mbili, kupanda na kushuka.

Salha bado anasoma polepole. Jana aliandika jina lake kwenye vumbi la boksi langu la spana, ile L imegeukia nyuma. Nimekataza mtu yeyote asilifute.

Wenye watoto kama wangu, leteni uzoefu wenu hapa, hata kunikosoa ruksa.

Ila anayekuja kuniambia mwanangu hana akili, kwanza anijibu: kati ya watu wazima wote waliokuwa pale shuleni, nani alijua la kufanya?