Nesi wa machimboni aliyeninyima shikamoo kipindi cha corona

Wakuu, habari zenu. Mimi niliishia darasa la tatu, ukikuta herufi imekosewa ipite tu. Uongo sitaandika.

Kipindi cha corona nilikuwa na mashimo mawili ya dhahabu huku Tarime. Kwetu ni Busawe, ila heshima yangu niliijenga machimboni, kwa mikono hii. Jirani na karasha langu la kusaga mawe kulikuwa na zahanati. Nesi mmoja tu, binti wa Njombe.

Kila asubuhi, "Shikamoo baba."

Ghafla akaacha. Akiniona anainama, anapita.

Siku ya tatu vijana wangu wakaanza kuambizana: "Mura, kijana, umeona? Mzee kanyimwa shikamoo."

Nilichemka. Kwetu hilo ni tusi. Tukakaa wazee, tukaandikisha barua ahamishwe. Nikasema kabla haijafika Bomani, wilayani, atasomewa na mimi mwenyewe.

Nikamkuta ananawa mikono. Akamaliza, akaanza upya. Ngozi ya vidole imebanduka. Nikamuuliza nimemkosea nini.

Hakunitazama. "Baba, wazee watatu niliwaamkia hapa asubuhi. Wote waliitikia. Hakuna aliyefika jioni. Wewe sikuamkii."

Akasema usingizi umemkimbia, na hana wa kumwambia, maana watu wote wanamkimbilia yeye.

Stress, wakuu. Mimi nilidhani ni maringo.

Kubembeleza sijui. Nikavuta benchi, nikakaa nje ya mlango. "Niamkie. Siondoki."

Akakataa. Nikakaa. Wagonjwa wakaingia na kutoka, nimekaa tu.

Mchana ndipo akasema, kwa shida, "Shikamoo baba."

"Marahaba. Kesho nakuja tena."

Barua nikaichana. Iliyokwenda Bomani iliomba nesi wa pili, huyu apumzike.

Nilienda kila siku. Siku ya sita nikaamka na kikohozi. Hapo niliogopa kweli, tena si kwa ajili yangu tu. Nisipotokea, huyu binti atajua ameniua.

Nikavaa barakoa, nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikakohoa. Akasikia. Alinitazama muda mrefu, mikono imeshika mlango.

Kisha akaniamkia kwa sauti mpaka watu wa karasha wakageuka.

Nikaitikia. Na jioni nikarudi palepale, anione.

Nilichojifunza: nesi naye anaumwa, na mimi na uzee wangu nilitaka kumfukuza kwa ugonjwa.

Mliokuwa wahudumu kipindi kile, nani aliwauliza mmelalaje? Andikeni hapa. Nasoma polepole, ila nasoma yote.