Umati Ulioshangilia Kifo cha Ntemi

Jumatatu nikiwa Buseresere nilipigiwa simu na binti wa mshonaji mmoja wa Samuye. Mama yake, yule mshonaji, alikuwa amefariki alfajiri, baada ya kuugua kifua kwa majuma matatu. Wasomaji wangu hamkumjua. Mimi nilimfahamu tangu watu wa filamu walipokuja kijijini kwao kuigiza kunyongwa kwa ntemi, yaani mtawala wa Wasukuma, enzi za Wajerumani. Nilikwenda kuandika habari za kazi ile. Yeye aliwashonea mavazi, kisha akapangwa kwenye umati wa kutazama ntemi akinyongwa. Mwongozaji, kijana mpole, aliwataka wanakijiji washangilie kitanzi kikikaza. Mama yule hakufungua mdomo. Walirudia mara mbili. Mara ya tatu hata wenzake wakanyamaza.

"Mama, kuna shida gani?" kijana akauliza.

"Ng'wanawane," akamjibu, kama mtu anavyomwita mwanawe, "bibi yangu alikuwapo siku ile, akiwa binti mdogo. Waliswagwa na askari kuja kutazama. Hakuna aliyeshangilia. Hata kulia, walilia walipofika nyumbani."

"Lakini hii ni filamu tu, mama."

"Na wajukuu zangu wataitazama. Watasema sisi ndio tuliofurahi."

Kijana akakubali. Umati ukapigwa picha ukiwa kimya, na mama akamshukuru kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili.

Miezi kadhaa baadaye filamu ilionyeshwa Shinyanga mjini. Nilikaa kiti cha pili kutoka kwake. Alivaa kitenge kipya na alikuja na wajukuu wawili wa kike. Kwenye filamu ntemi alipanda jukwaani nguo zikiwa safi, akatoa hotuba nzuri, kitanzi kikakaza, na ukumbi mzima ukajaa vifijo na vigelegele kutoka kwenye spika. Sura ya mama ilikuwa pale kwenye skrini, midomo imefumbwa. Mjukuu mmoja akamuuliza, "Bibi, kumbe mlishangilia?" Tulipotoka, mwongozaji alimweleza kwamba sauti huongezwa studio, kwani bila kelele tukio linapoa. Mama akamuuliza tu, "Kwa hiyo siku ile tulikubaliana nini?" Nami, niliyealikwa chakula na watengenezaji wale, niliandika kwenye safu hii kwamba filamu ilikuwa na ukweli wa kugusa moyo.

Tangu hapo nazitilia shaka filamu za wafalme wanaouawa, za ng'ambo na za kwetu. Mfalme hufa na maneno matamu kinywani, mnyongaji hana sura, na umati hupiga kelele. Nani ananufaika na kelele zile? Naona ni yule aliyetoa amri. Watu wakishangilia, mauaji huonekana hukumu ya wananchi, na bunduki zilizowazingira husahaulika.

Kwenye maziko kule Samuye niliomba nafasi ya kusema. Niliwaeleza wajukuu mbele ya waombolezaji kwamba bibi yao hakushangilia, kwamba nilikuwapo, na kwamba niliandika uongo. Binti yake aliniambia, "Ungesema akiwa hai." Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba kimya cha mnyonge kisipopata shahidi, mwenye nguvu hukijaza sauti anayoitaka.