Mama Alifika Misa Imekwisha

Jumapili nyingi za ujana wangu nimezisahau, mwanangu, lakini moja naikumbuka vizuri. Ilikuwa kijijini kwetu Musienene, wakati wa vita. Tulikuwa tumerudi nyumbani baada ya majuma mengi ya kujificha msituni, na shamba tulilikuta limefunikwa na magugu. Maharagwe tuliyovuna hayakujaza hata kikapu kimoja.

Kule msituni mama alimwahidi Mungu: tukivuna chochote, atakipeleka kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na wakati wa matoleo atashukuru mbele ya watu. Lakini miguu hiyo ilikuwa imeanza kuvimba. Sote nyumbani tulijua haitambeba siku nyingi.

Mimi, nikuambie ukweli, nilikuwa binti wa wasiwasi. Shule sikuipata. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, na niliogopa kwamba kosa lolote, hata dogo, lingewaonyesha watu kuwa sikufundishwa. Basi asubuhi ile nikakaa na ungo nikichambua maharagwe ya matoleo. Lenye tundu, nje. Lililokunjamana, nje. Nikimaliza, naanza tena.

"Mutoto yangu, kengele imelia," mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha misa.

"Ngoja kwanza, mama. Ingine iko na matundu. Batu batatucheka."

"Mungu alitupatia yote pamoja. Weye ndiye unamuchagulia?"

Nikaendelea kuchambua. Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilichagua hata mavuno.

Tulipokuwa tukipanda kilima, mama akipumzika kila baada ya hatua chache, watu walikuwa wanateremka. Jirani yetu Kasereka akasimama.

"Lakini mama, munaenda misa ya kesho?"

Mama akacheka. Mimi sikuweza.

Kanisani tulimkuta mwanamke mmoja tu, anafagia. Mama akaweka kikapu chini, akaushika mlango, akasema kwa sauti kama aliyezungukwa na watu: "Mungu, aksanti kwa hii miguu, imenifikisha. Aksanti kwa pumuzi. Aksanti hata kwa huyu mutoto mwenye kunichelewesha."

Mfagiaji akaitikia amina. Hakukuwa na mwingine wa kuitikia.

Jumapili iliyofuata mama hakuweza kusimama, na kilima kile hakukipanda tena. Hakunilaumu hata siku moja. Sitasema kwamba hilo lilinipunguzia majuto.

Mwanangu, asiyeshukuru kwa kidogo, kikubwa hakitamfundisha. Leo umeamka, umechota maji mwenyewe, umemtambua mtu kwa sauti yake tu, umesoma mistari hii. Mshukuru Mungu sasa, kwa maneno uliyo nayo, hata kama yanagongana. Mimi bado huirudia sala mara tatu nikitafuta neno zuri zaidi. Ugonjwa huo haujanitoka. Wewe usiuchukue.

Mungu akulinde njiani. Akubariki mikono na miguu, akupe pumzi ya kesho, na kinywa chepesi cha kushukuru.